Maarusi Wasiofundishwa

Katika kliniki za ugumba hufika, mara kwa mara, wenzi ambao hawana ugumba. Wameoana miaka miwili au mitatu. Wamepimwa damu, mkojo na mbegu za kiume. Mke amepigwa picha ya kizazi. Na majibu yote ni mazuri. Kilichokosekana ni swali moja: je, tendo la ndoa limewahi kukamilika? Wakiulizwa kwa faragha na kwa upole, huinamisha macho, kisha mmoja wao hujibu kwa sauti ndogo kwamba bado.

Kimya hicho kina historia yake, na miteremko ya Mlima Meru yaweza kutusimulia sehemu yake. Tumezoea kudhani kwamba kutosema juu ya kitanda cha ndoa ni mila ya kale. Wazee wa kale walilificha jambo hilo mbele ya watoto na wakwe, ndiyo, lakini walikuwa na mahali pa kulisemea. Kijana wa Kiarusha aliingia jandoni, akatoka na rika lake, na ndani ya rika mambo ya utu uzima yalikuwa na wasemaji. Kwa majirani zao Wachaga, mmishenari Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig alinakili mafundisho waliyopewa vijana, na yalikuwa mengi hata yakajaza juzuu tatu zilizochapishwa kati ya 1932 na 1938. Pwani walikuwapo somo na kungwi. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, alisifika kwa unyago kama alivyosifika kwa taarabu.

Misheni hiyohiyo ya Leipzig ilifungua kituo Nkoaranga mwaka 1902, na kingine Ilboru mwaka 1904. Yakaja madarasa, dawa, na arusi ya kanisani. Watumishi wengi wa dini waliona ngoma za jando na unyago kuwa mambo ya kipagani, wakawataka waumini wajitenge nazo. Hawakukosa hoja, maana ukeketaji ulikuwa sehemu ya mila hizo na madhara yake tunayaona mpaka leo. Ila lilipotupwa kapu, mafundisho yaliyokuwa ndani yake yalitupwa pamoja nalo. Maarusi walihimizwa uaminifu na subira. Habari ya miili yao iliachwa nje ya mlango.

Kizazi hicho hakikuwa cha watu waoga wa kusema. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York kuueleza Umoja wa Mataifa jinsi Wameru walivyohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki. Ardhi ilipata msemaji mbele ya mataifa. Kijana aliyeoa mwaka huohuo, akarudi na mkewe kwenye nyumba mpya iliyojengwa migombani karibu na nyumba ya baba yake, hakuwa na mtu wa kumuuliza. Heshima ilimzuia kwa baba; mchungaji hakulitaja; wenzake wangemcheka. Bibi arusi naye aliagwa nyumbani kwao kwa neno moja: vumilia. Na bwana arusi akapewa lake: uwe mwanamume. Kwa maneno hayo mawili watu wawili wasiojuana waliingia chumbani, na mama mkwe akaanza kuhesabu miezi.

Maneno hayo yanatosha kumgonjesha mtu mzima wa afya. Uume husimama pale mishipa yake ya damu inapolegea na damu kuujaza. Hofu hufanya kinyume: mwili humwaga adrenalini, homoni ya kupigana au kukimbia, nayo huibana mishipa hiyo. Mwili hautofautishi chui na aibu. Usiku wa kwanza ukishindikana, usiku wa pili mume hupanda kitandani kama mtahiniwa, akijichunguza badala ya kumtazama mkewe, na kule kujichunguza ndiko kunakomwangusha tena. Mtaani husemwa jogoo wake hapandi mtungi. Mzaha huo umewafanya wengi wahame nyumba zao.

Kwa mwanamke hofu hukaa kwenye misuli ya sakafu ya nyonga. Aliyeambiwa kwamba ataumia na anyamaze hujikaza bila hiari, kama jicho linavyofumba likitishwa na kidole. Daktari Mmarekani J. Marion Sims aliipa hali hii jina la vajinismasi mwanzoni mwa miaka ya 1860. Mume akilazimisha, maumivu huthibitisha hofu, na misuli hukaza zaidi mara ijayo. Kwa aliyekeketwa, kovu lenyewe laweza kuwa chanzo cha maumivu, na hapo subira peke yake haitoshi, achunguzwe. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta kwamba asilimia 41 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 katika Mkoa wa Arusha walikuwa wamekeketwa. Hili si jambo la kando kwa mtoa huduma wa mkoa huu.

Ipo pia hofu ya damu. Pwani ilikuwapo desturi ya kisarawanda, kitambaa cheupe cha kuthibitisha ubikira, na imani yenyewe imeenea mbali kuliko kitambaa. Wanawake wengi hawatoki damu mara ya kwanza, na umbo la kizinda haliwezi kueleza kama mtu amewahi kufanya ngono. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika wenzake ya Umoja wa Mataifa walitaka upimaji wa ubikira ukomeshwe kabisa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mahakama kuibatilisha ndoa ambayo, wakati wa kufungwa kwake, mmoja wa wenzi hakuwa na uwezo wa kuikamilisha. Fikiria basi wenzi wanaofikishwa huko kwa tatizo linalotibika, kwa sababu tu hakuna aliyeuliza mapema.

Leo tuna kicheni pati. Bibi arusi hukalishwa mkekani na kufundwa bila haya, na hilo ni jema. Hata hivyo mengi anayofundishwa ni namna ya kumridhisha mume, ni mara chache aambiwe kwamba ana haki ya kusema, «Hapa ninaumia, tusubiri.» Bwana arusi hana hata mkeka huo. Mwalimu wake ni simu, yenye picha za watu wanaolipwa kuigiza, na muuza unga wa nguvu za kiume asiyejua kilichomo kwenye pakiti yake.

Kwa mtoa huduma, swali lenyewe si gumu likitanguliwa na ruhusa: «Wapo wengi wanaofika hapa ambao tendo la ndoa limewashinda tangu usiku wa kwanza, nao hutibika. Kwenu likoje, mama? Kwako je, baba?» Waulizwe kila mmoja peke yake kwanza. Mwanamume anayeamka asubuhi uume ukiwa umesimama, mara nyingi mishipa na neva zake ni nzima. Asiyepata hali hiyo kabisa apimwe kisukari na shinikizo la damu, na dawa anazotumia zipitiwe. Sildenafili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, husaidia baadhi, lakini ni hatari kwa anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti.

Tiba ya hofu yenyewe ilielezwa vyema mwaka 1970 na William Masters na Virginia Johnson: wenzi hukatazwa kwa muda kuingiliana, wakaagizwa kugusana tu, wakianzia mikono na mgongo. Mtihani ukifutwa, mtahiniwa hupumua. Mwenye vajinismasi hufundishwa kupumua na kulegeza misuli, kisha kujizoeza kwa kidole chake mwenyewe, kwa mwendo anaoutaka yeye.

Nawe uliyesoma mpaka hapa kwa sababu habari hii ni yako: anzia kituo cha afya kilicho karibu, pamoja na mwenzako ikiwezekana. Dirishani huwajibiki kueleza lolote mbele ya foleni. Sema unahitaji kuonana na daktari faraghani, na ukiwa ndani, kama maneno yanakwama, mwoneshe ukurasa huu.