Unyayo Ndio Mtaji wa Mcheza Ngoma

Wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea kati ya Ujiji, Unyanyembe na Bagamoyo walikuwa na chombo kimoja cha usafiri: miguu yao. Njia hiyo ilikatiza nchi ya magharibi mwa Tabora, upande wa Usinge, ambako siku hizi kuna stesheni ya reli ya Kigoma. Mtu alibeba mzigo wa karibu kilo 30 kwa wiki nyingi, na wengi walikwenda peku. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Upagazi wa safari ndefu ukafa.

Nawakumbuka wazee hao kila ninapomwona kijana wa kikundi cha ngoma akichechemea. Sisi tunavaa viatu tangu utotoni na tunapanda basi hata kwa safari fupi. Halafu jioni tunataka unyayo huo huo ukanyage bugobogobo kwa saa nzima, juu ya sakafu ya saruji!

Mwili wa mtu mzima una mifupa 206, na 52 kati ya hiyo imo katika nyayo mbili. Mifupa hiyo inashikwa na kano na misuli midogo inayoinua upinde wa unyayo. Mchezaji anaporuka na kutua, upinde huo hushuka kidogo na kupokea uzito, kama springi ya gari. Misuli ikiwa dhaifu, kishindo huishia kwenye mifupa na kano ya kisigino. Hapo ndipo kifundo huteguka, au mfupa hupata ufa.

Wazungu wenye ngoma yao ya bale, ambayo wanawake husimama juu ya ncha za vidole, wanalijua jambo hili. Mwalimu makini hamruhusu mtoto kusimama hivyo kabla ya miaka 11 au 12, tena baada ya mazoezi ya miaka kadhaa. Lakini hata huko wapo wasio na subira, wanaokandamiza unyayo chini ya kochi ili upinde haraka. Huo si unyumbufu, ni kulegeza kano. Unyayo unaopinda sana bila nguvu ni mlango usio na bawaba.

Mazoezi yenyewe hayahitaji fedha. Kwanza pasha mwili moto kwa kutembea. Kisha weka kitambaa sakafuni, ukivute kwa vidole vya mguu. Kanyaga chini, uvute kidole gumba kuelekea kisigino bila kukunja vidole. Simama, inua visigino taratibu, ushushe taratibu zaidi, mara 10 hadi 15. Ukizoea, tumia mguu mmoja. Zungusha kifundo pande zote. Malizia kwa kusimama kwa mguu mmoja kwa nusu dakika, na kunyoosha kigimbi ukiegemea ukuta.

Fanya hivyo siku nyingi za juma, kidogo kidogo. Uchovu wa misuli ni kawaida. Maumivu makali, au uvimbe, ni amri ya kusimama na kwenda kwa mganga wa hospitali.

Viongozi wa vikundi, mnanunua ngoma mpya na sare za kupendeza. Tengeni dakika 10 za nyayo kabla ya kila zoezi. Ngoma ikipasuka huwambwa upya. Kijana akivunjika mguu, riziki yake imekatika.