Kuku Waliokataa Kuingia Tunduni

Bibi mmoja, jirani yangu hapa Pangani, alinijia alasiri moja akanishitakia kwamba kuku wake, ambao miaka yote jua likitua walikuwa wakijipeleka tunduni wenyewe bila ya kuswagwa, sasa wamekataa katakata kuingia, hupanda mwembeni wakalala juu kwenye umande. Na kwa kuwa tundu lenyewe lilikuwa zima, halina nyoka wala nguchiro, alikwisha kukata shauri kuwa hasidi fulani amefukia kitu kizingitini. “Mwanangu,” akaniambia, “wewe uliyesoma habari za wanyama, hebu njoo utazame kabla sijamwita mganga.” Nikamwomba subira mpaka usiku, maana siri za tundu la kuku hazionekani mchana.

Baada ya isha tukaenda, mimi na kurunzi, yeye na kipande cha bafta nyeupe nilichomwomba, tukawakuta kuku wawili watatu waliokuwa bado wakiifuata ada wamelala juu ya fito. Nikakipitisha kitambaa kile chini ya ufito mmoja, taratibu kama mtu afutaye vumbi la msahafu, kisha nikakifunua mbele ya mwanga: kimetapakaa vidoa vya damu mbichi, na baina ya vidoa vikitambaa vijidudu vidogo kuliko punje ya ulezi, vingine vyekundu kwa shibe, vingine vya kijivu kwa njaa. Bibi akauvuta mkono wake nyuma. “Astaghfirullahi! Na mimi kila asubuhi naingiza mkono humu kuokota mayai!”

Hao ni utitiri, ambao wataalamu huwaita Dermanyssus gallinae, na kwa hesabu ya elimu si wadudu hasa, kwa kuwa mkubwa wao ana miguu minane na nasaba yake ni ya buibui na kupe. Lakini kuku anyonywaye hahesabu miguu, basi na tuwaache katika jamii waliyozoea kutiwa. Tabia yao iliyo kubwa, na ambayo asiyeijua atahangaika bure na dawa, ni kwamba hawakai mwilini mwa kuku: mchana kutwa hujibanza katika nyufa za mbao, chini ya fito na katika mafundo ya kamba, na usiku hutoka wakanyonya, kisha wakarejea maficho yao kabla ya alfajiri. Ndiyo sababu mtu humkamata kuku saa nne ya asubuhi, akampekua manyoya yote asione kitu, ilhali undu wa kuku huyo umekwisha kupauka kwa upungufu wa damu na mayai yamekatika. Katika joto letu la pwani yai la utitiri hupata kuwa mkubwa kamili kwa muda wa wiki moja hivi, na aliyekwisha kukua huvumilia njaa kwa miezi. Kwa hiyo tundu lililoachwa tupu tangu kaskazi mpaka kusi si salama hata kidogo.

Anayekaa kwa desturi hiyohiyo ni kupe wa kuku, Argas persicus, yaani wa Uajemi kwa jina alilopewa, ndugu wa papasi wa nyumba za udongo. Huyu mkubwa wake hushiba kwa muda usiotimia saa moja, akarudi ufani, na njaa yake huhesabiwa kwa miaka. Tena huwaachia kuku homa inayoua, ambayo wengi huidhania kideri.

Basi dawa ni ya nyumba kwanza. Tulizichomoa fito zote, tukazimwagia maji yanayotokota, tukazianika juani. Matandiko ya viota tukayachoma moto. Nyufa tukazikandika, kisha tukapaka chokaa nzito ndani na nje. Siku ya nane tukarudia yote, na marudio hayo ndiyo watu wengi wanayoyaacha, wakasema dawa haifai, kumbe mayai yaliyosalimika mara ya kwanza yameangua nyuma yao. Kwa mwenye uwezo, unga wa pareto, ua lile lilimwalo katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ni dawa njema. Ila nguvu yake hufishwa na jua, hivyo hunyunyizwa magharibi. Kuku mwenyewe mwekee shimo la mchanga uliochanganywa na jivu aoge atakavyo, maana kuoga huko humpunguzia chawa, na hao chawa ndio wakaao manyoyani kweli. Kumpaka mafuta ya taa, kama nilivyoona wengine wakifanya, ni kumbabua ngozi.

Bibi alikuwa amewatuhumu sisimizi, na kopo zima la mafuta ya taa lilikwisha kumwagwa pembeni kwa ajili yao. Mimi huwahesabu sisimizi kuwa mashahidi kuliko wakosa: huja kwa yai lililopasuka, kwa pumba iliyomwagika, kwa kifaranga aliyekufa kichakani pasipo mtu kujua, na kikiondolewa kilichowaita huondoka. Hatari yao ni nyingine, nayo ni ya kimyakimya: baadhi yao hula mayai ya tegu katika kinyesi cha kuku, tegu akakua matumboni mwao, na kuku akiwadonoa huokota tegu pamoja nao, baada ya wiki tatu hivi utaviona vipande vyake kinyesini, vyeupe kama punje za mchele. Tundu lenye miguu iliyosimama katika makopo ya maji na mafuta kidogo huwazuia, maadamu makopo yanatazamwa. La bibi lilikuwa nayo makopo, na jani moja kavu la mwembe, lililoangukia baina ya ukingo na mguu, limekuwa daraja lao la kupitia.

Juu ya mwembe huohuo walikuwako majimoto, naye akataka tuwachome. Nikamsihi awaache. M. J. Way, mtaalamu aliyefanya utafiti wake Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1950, alibainisha kwamba majimoto huilinda minazi na kunguni afyonzaye vidaka vikapukutika. Na bibi ana minazi sita.

Siafu ndio wasio na suluhu. Mwaka mmoja wa masika niliamshwa na ukelele wa kuku wangu aliyekuwa akiatamia, nikakuta mkondo mweusi umeingia tunduni kwa ufa usiotosha kidole, na mama wa watu hakuinuka juu ya mayai yake kumi na mawili. Nilipomtoa alikuwa amekwisha kuliwa macho. Hapo hakuna chokaa wala pareto: fungua mlango mara moja kuku watawanyike, mwaga jivu la moto penye njia yao, kisha ngoja wapite, maana siafu hawakai.

Usiku wa tisa baada ya kuosha mara ya pili, kuku wa bibi waliingia tunduni wenyewe. Jogoo mpaka leo hulala mwembeni.