Nani Anaishuhudia Tovuti Yenu?

Tufanye jaribio dogo. Fungua Google katika simu yako, andika jina la shule, zahanati au kanisa lenu, kisha angalia kinachokuja. Mara nyingi si tovuti yenu. Utaona ukurasa wa shirika fulani la Ulaya lililowatembelea kwa siku tatu, au ukurasa wa Facebook ambao hakuna anayeuandikia tena, wenye namba ya simu iliyokwisha kuzimwa. Tovuti mnayoilipia dola kila mwaka iko mbali huko chini, mahali ambapo watu hawafiki, kwa sababu mega zinakwisha na uvumilivu pia.

Hapo wengi wanaita fundi ili abadilishe rangi na kuongeza picha. Rangi haina kosa. Kinachokosekana ni mashahidi.

Mnajua jinsi tunavyofanya Mkristo anapohama kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Anabeba barua. Wale wanaompokea hawaangalii tu maneno yaliyoandikwa. Wanaangalia ni nani aliyetia sahihi. Katika intaneti barua hiyo inaitwa kiungo: yale maneno, mara nyingi ya rangi ya bluu, ambayo ukiyagusa unafunguliwa ukurasa mwingine. Tovuti ya watu wengine ikiweka kiungo kinachoelekea kwenu, imewatilia sahihi.

Wazo hili lilifanyiwa kazi na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Larry Page na Sergey Brin, kuanzia mwaka 1996. Wakati ule mitambo ya kutafuta ilihesabu zaidi maneno. Mtu akiandika neno «hospitali» mara mia katika ukurasa wake, aliweza kupanda juu. Page na Brin waliona kwamba kila mtu anajisifu mwenyewe, basi afadhali kuwauliza wengine. Wanasayansi walikuwa wamezoea jambo hilo zamani: maandishi yanayotajwa na watafiti wengi huhesabiwa kuwa na uzito. Mwaka 1998 walianzisha kampuni ya Google juu ya msingi huo, na hesabu yao waliiita PageRank.

Hesabu yenyewe inaeleweka bila kompyuta. Fikiria msafiri asiye na haraka. Kila anapofika kwenye njia panda anachagua njia moja bila kufikiri, na mara kwa mara, kama safari 15 katika 100, anachoka, anapanda pikipiki na kwenda kuanzia mahali pengine kabisa. Baada ya siku nyingi, ni katika vijiji gani mmemkuta mara nyingi zaidi? Ni vile vyenye njia nyingi za kuingia, hasa njia zinazotoka katika vijiji ambavyo navyo vinatembelewa sana. Tena kijiji chenye njia mbili tu za kutoka kinagawa wasafiri wake mara mbili. Chenye njia elfu kinawatawanya hata usiwaone. Ndiyo sababu kiungo kimoja kutoka tovuti ya chuo kikuu kinachojulikana kinaweza kuzidi viungo mia tano kutoka kurasa ambazo kazi yake ni kupanga viungo tu. Leo Google inatazama mambo mengine mengi pamoja na viungo, lakini ushuhuda huu haujaachwa.

Sasa jambo linalotugusa sisi. Maisha ya makanisa yetu mengi yako katika WhatsApp. Matangazo, picha za ubatizo, habari za msiba, vyote vinapita humo, na viungo vya tovuti pia. Lakini mtambo wa kutafuta hauingii katika vikundi vya WhatsApp. Hata kiungo kikitumwa kwa watu elfu mbili, kwake ni kama hakikutumwa. Facebook nayo huweka kwenye viungo vyake alama ya siri inayoiambia Google isivihesabu kama ushuhuda. Alama hiyo ilianza mwaka 2005 ili kuzuia waliokuwa wakijaza matangazo yao kila mahali. Kwa hiyo tunaweza kuwa tunajulikana sana kati yetu, na tusionekane kabisa kwa muuguzi aliye Kampala au ndugu aliye Brussels anayetafuta zahanati yetu.

Wauza viungo wanajua njaa hiyo. Nilionyeshwa barua moja iliyofika kwa sekretari wa ofisi fulani: dola 50, viungo 1.000, ukurasa wa kwanza kwa mwezi mmoja. Sekretari alikuwa tayari kulipa. Nilimsimulia habari ya J. C. Penney, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani. Wakati wa Krismasi ya mwaka 2010, mtu akitafuta magauni, matandiko au mazulia, kampuni hiyo ilikuwa inatokea ya kwanza. Februari 2011 gazeti la New York Times lilieleza siri yake: viungo vingi vilikuwa vimepandwa katika tovuti zisizohusika. Magauni yalikuwa yanashuhudiwa na kurasa za mbwa, za madaktari wa meno, hata za watu wanaokoroma! Google ikaishusha. Kwa masanduku ya safari, ilikuwa ya kwanza saa moja jioni. Baada ya saa mbili ilikuwa ya 71. Kampuni ilisema haikuagiza jambo hilo, ikawafukuza washauri wake. Mwaka uliofuata, Aprili 2012, Google ilitoa programu iliyoitwa Penguin ya kukamata hila za namna hiyo, na tangu 2016 viungo vya kununua mara nyingi vinapuuzwa tu. Hizo dola 50 zingeanguka mtoni bila hata sauti.

Basi viungo vya kweli vitoke wapi? Kwa wale ambao tayari wanawajua. Shirika lililojenga madarasa yenu lina tovuti, na limewaandika humo pamoja na picha zenu, lakini jina lenu haliguswi, halina kiungo. Waandikieni barua fupi. Muombeni mshirika aliye Ujerumani, chuo alikosomea mchungaji wenu, redio ya mji, jumuiya jirani. Na waandike jina lenyewe, kwa mfano «Shule ya wauguzi» na mahali ilipo, si «bonyeza hapa», maana Google inasoma maneno hayo ili kujua ukurasa unahusu nini. Ninyi pia muwe na kitu kinachostahili kuelekezewa: historia ya kanisa lenu, orodha ya zahanati na siku za kazi, nyimbo mlizotunga. Hakuna anayeweka kiungo kwenye ukurasa unaosema tu «Karibuni».

Jambo moja bado, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Anwani ya tovuti hukodiwa kwa mwaka. Mkisahau kulipa, mtu yeyote anaweza kuichukua, na wako wanaozichukua kwa makusudi, kwa sababu ya viungo vya zamani vinavyoendelea kuelekea pale. Hapo sahihi za marafiki zenu zote zinamshuhudia mwenye michezo ya kamari. Machi 2024 Google ilitangaza kwamba inapambana na mchezo huo, lakini kuirudisha anwani iliyopotea ni kazi kubwa, na ghali. Muulizeni leo aliyewatengenezea tovuti: anwani inakwisha tarehe ngapi, na imeandikwa kwa jina la nani? Kama imeandikwa kwa jina la kijana aliyekwisha kuhamia mji mwingine, mtafuteni wiki hii.