Dashibodi za Mionzi: Ramani Inayokubali Kuulizwa (Sehemu ya Pili)

Tarehe 12 Machi 2011, siku moja baada ya tetemeko na tsunami, maelfu ya wakazi wa mji wa Namie katika mkoa wa Fukushima, Japani, walikimbilia Tsushima, eneo la milimani la mji huohuo, umbali wa kilomita 30 hivi kaskazini magharibi mwa kinu cha nyuklia cha Fukushima Daiichi. Walikwenda huko kwa sababu ni mbali na kinu. Tarehe 15 upepo ukageukia kaskazini magharibi, mvua na theluji zikanyesha, na seziamu, elementi yenye mionzi iliyokuwa imevuja kutoka kinuni na kuelea angani, ikashuka juu ya milima ileile walikojihifadhi. Serikali ilikuwa na mfumo wa kompyuta uitwao SPEEDI, kazi yake kukadiria njia ya wingu la mionzi. Makadirio hayo hayakuwafikia watu wa Namie. Umma ulianza kuyaona tarehe 23 Machi.

Amri za kuhama zilikuwa zimechorwa kwa bikari: duara la kilomita 3 kuzunguka kinu, kisha 10, kisha 20. Duara ni rahisi kulitangaza redioni na rahisi kulisimamia kwa askari barabarani, lakini upepo haufuati bikari. Ramani iliyotokana na ndege za upimaji za Idara ya Nishati ya Marekani, iliyotolewa tarehe 22 Machi, ilionyesha mkanda mrefu wa mionzi ukielekea kaskazini magharibi na kuvuka mipaka yote ya maduara hayo. Kijiji cha Iitate, ambacho sehemu yake kubwa iko nje ya kilomita 30, kilikuwa ndani ya mkanda huo. Wakazi wake wapatao 6,000 waliwekwa rasmi katika eneo la kuhamishwa tarehe 22 Aprili.

Wiki iliyopita tulieleza jinsi mrija wa Geiger unavyohesabu mapigo ya mionzi. Leo tunaufuata ule mpigo baada ya kutoka kwenye kifaa: unavyokuwa namba, namba inavyokuwa nukta kwenye skrini, na nukta inavyokuwa uamuzi wa mama anayetaka kujua kama mwanawe acheze uani. Hapo ndipo dashibodi inapofanya kazi yake au inapopotosha. Ninaloshikilia ni kwamba dashibodi ya mionzi inapaswa kuonyesha kila namba inaaminika kwa kiasi gani, na ni wapi ambako hakuna namba kabisa, kwa uzito uleule inaoipa namba yenyewe.

Tuanze na wananchi waliojipimia. Siku chache baada ya ajali ya Fukushima, Sean Bonner, Pieter Franken, Joi Ito na wenzao walianzisha mradi wa Safecast. Vifaa vya kupimia vilikuwa vimeadimika madukani, kwa hiyo wakatengeneza kifaa cha kufungwa kwenye dirisha la gari, chenye mrija wa Geiger, GPS na kadi ya kumbukumbu, kinachoandika kipimo kila baada ya sekunde 5. Waliojitolea wakaanza kuzunguka nacho barabarani mwezi Aprili 2011. Data yote iliwekwa wazi kwa yeyote kuitumia bila kuomba ruhusa, nayo imekua ikawa zaidi ya vipimo milioni 100, kutoka Japani na nchi nyingine nyingi. Hazina ya namna hiyo haisomeki kwa jedwali. Inahitaji skrini ambayo msomaji anaweza kuivuta, kuichuja na kuihoji.

Ugumu wa kwanza uko ndani ya namba yenyewe. Mapigo ya mionzi hayaji kwa mpangilio. Huja kama matone ya mwanzo ya mvua kwenye bati: mawili kwa mfululizo, kimya, moja, kimya kirefu, matatu kwa pamoja. Tuseme mahali tulivu panatoa wastani wa mapigo 36 kwa dakika. Katika sekunde 5 utapata mapigo 3 hivi, na kwa kanuni ya hesabu hizi kiasi cha kuyumba ni kipeuo cha pili cha hesabu yenyewe, yaani 1.7 katika 3, zaidi ya nusu. Ukisubiri dakika nzima, kuyumba kunakuwa 6 katika 36, sawa na asilimia 17. Ukisubiri dakika 10 unafika asilimia 5. Kwa hiyo nukta mbili zilizokaribiana, moja ikionyesha maradufu ya mwenzake, huenda zimepimwa mahali penye mionzi ileile. Dashibodi inayozipaka rangi mbili tofauti bila kusema lolote inamwonyesha msomaji tofauti ambayo haipo.

Dawa inayotumika sana ni kuchukua wastani wa dakika nzima na kuusogeza mbele kila sekunde 5. Namba zinatulia, ila kuna gharama ambayo watengenezaji wengi huisahau. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata kilomita moja kwa dakika. Wastani wa dakika moja, basi, ni wastani wa kilomita nzima ya barabara. Doa dogo lenye mionzi mikali, labda mtaro uliokusanya tope lenye seziamu, litapungua makali na kusambazwa kwenye kilomita hiyo, tena kilele chake kitaonekana mbele ya mahali lilipo hasa, kwa kuwa gari limeshapita. Ndiyo maana ningependa kila dashibodi ya vipimo vya magari impe msomaji kitufe cha kuchagua muda wa wastani, na pembeni yake ionekane urefu wa barabara uliomo ndani ya wastani huo. Akiongeza muda aone namba zikitulia na ramani ikipoteza ukali wa picha yake. Akipunguza aone kinyume chake. Kwa kukigusa kitufe mwenyewe atalielewa jambo hili zaidi kuliko kwa maelezo ya aya tatu.

Vituo vilivyosimama mahali pamoja vina tabia nyingine. Havioni kilichoko mtaa wa pili, lakini vinaona wakati kwa usahihi. Tazama grafu ya kituo cha namna hiyo siku ya mvua: kipimo kinapanda ghafla, kisha baada ya saa chache kinashuka chenyewe. Mara nyingi hakuna ajali yoyote. Gesi ya radoni hutoka ardhini kila siku, nayo huzaa chembe za risasi-214 na bismuthi-214 zinazoelea hewani. Mvua huzishusha chini, na kwa kuwa moja hupungua nusu kwa dakika 27 na nyingine kwa dakika 20 hivi, athari yake haidumu. Theluji ikilala chini hufanya kinyume: huziba mionzi ya ardhini na kipimo kikashuka. Mtu asiyeoneshwa mvua kwenye grafu ileile atashtuka bure, na akishtuka bure mara tatu, mara ya nne hatashtuka hata ikibidi. Kwa hiyo mstari wa mvua na mshale wa upepo vina haki ya kukaa chini ya mstari wa mionzi, kwa kipimo kilekile cha saa.

Sasa rangi. Vipimo vya Fukushima, kwa maikrosiveti, yaani kizio cha dozi ya mionzi, vilianzia chini ya 0.1 kwa saa na kupanda hadi makumi ya maikrosiveti, tofauti ya mamia na hata maelfu ya mara. Ukigawa rangi kwa hatua sawasawa, karibu Japani nzima itakuwa na rangi moja na mkanda wa kaskazini magharibi utabaki peke yake. Ukitumia skeli ya logi, ambayo kila hatua ni kuzidisha mara kadhaa badala ya kuongeza, utaona mengi zaidi, hata miamba ya matale ya magharibi mwa Japani inayotoa mionzi mingi zaidi ya asili kuliko tambarare ya Tokyo. Ninaipendelea logi, kwa sharti kwamba namba ziandikwe kwenye ufunguo wa rangi na msomaji aweze kubofya popote akapata kipimo chenyewe. Bila hivyo atadhani hatua moja ya rangi ni hatari ndogo iliyoongezeka kidogo, kumbe mionzi imezidishwa mara tatu au mara kumi.

Rangi nyekundu nayo ina uzito wake. Ukiipaka, umeshatoa hukumu. Aliyeweka mpaka wa nyekundu lazima amwambie msomaji aliutoa wapi. Nchini Japani kiwango cha maikrosiveti 0.23 kwa saa kilitumika kuamua maeneo ya kusafishwa, na watu wengi walikishika kama mstari wa uhai na mauti. Ukikifungua utakuta hesabu tu: lengo ni milisiveti 1 ya ziada kwa mwaka, mtu anakadiriwa kukaa nje saa 8, na ndani ya nyumba ya mbao saa 16 ambako mionzi ni asilimia 40 ya ile ya nje. Hapo unapata 0.19, kisha unaongeza 0.04 ya mionzi ya asili ya ardhini. Mkulima anayeshinda shambani saa 12 ana hesabu yake tofauti. Dashibodi njema ingemruhusu aweke saa zake na aone jibu likibadilika.

Na kiwango cha kawaida hakifanani kila mahali. Wastani wa dunia wa mionzi ya asili anayopata mtu umekadiriwa kwa muda mrefu kuwa milisiveti 2.4 kwa mwaka, lakini huo ni wastani tu. Kilima cha Mrima, kaunti ya Kwale kwenye pwani ya Kenya, kina miamba yenye thoriamu na kinajulikana kwa mionzi ya asili iliyo juu kuliko kawaida. Mawe ya fosfeti ya Minjingu, kaskazini mwa Tanzania, yana urani ndani yake. Ukichukua ufunguo wa rangi uliotengenezwa kwa ajili ya Fukushima ukaupeleka Mrima, kilima kitaonekana kimepatwa na ajali ambayo haikutokea. Wala si sawa kuifuta mionzi hiyo kwenye ramani eti kwa sababu ni ya asili, maana mwili haubagui chanzo. Njia ninayoiona ya haki ni kuonyesha tabaka mbili: kiasi kilichopo, na kiasi kilichobadilika kulinganisha na kawaida ya mahali penyewe. Msomaji awe na uwezo wa kuhama kutoka tabaka moja kwenda jingine.

Mwaka 1996 Ben Shneiderman, mtaalamu wa Marekani wa mawasiliano kati ya binadamu na kompyuta, alipendekeza utaratibu ambao umeongoza kazi hii tangu hapo: onyesha kwanza picha nzima, ruhusu kuvuta karibu na kuchuja, kisha toa undani unapoombwa. Kwa mchambuzi ofisini ni utaratibu mzuri. Kwa mionzi ningeugeuza. Mwananchi hatafuti picha nzima ya nchi; anatafuta nyumbani kwake, shule ya watoto, kisima. Dashibodi ya umma imfungulie hapo, imwonyeshe kipimo cha karibu zaidi, kiko umbali gani, kilichukuliwa lini, kisha ndipo imsogeze nje aone mkanda mzima. Tarehe ina maana kubwa hapa, kwa sababu seziamu-134 hupungua nusu kwa miaka 2 hivi na seziamu-137 kwa miaka 30. Nukta ya mwaka 2011 iliyochanganywa na ya mwaka 2019 bila kutenganishwa haimwambii mtu hali ya mwaka wowote.

Kimya cha vituo nimekiacha mwishoni kwa kuwa ndicho kigumu kuliko vyote. Tetemeko na tsunami vilipoipiga Fukushima, vituo 23 kati ya 24 vya mkoa vya kupima mionzi viliacha kufanya kazi. Kwenye skrini nyingi kituo kilichonyamaza hutoweka, au, vibaya zaidi, programu hujaza pengo kwa kukadiria kutoka kwa majirani na kupaka rangi laini inayoonekana kama kipimo. Mahali pasipopimwa paachwe wazi, na kituo kilichozimika kibaki kwenye ramani kikiwa na alama yake na saa ya mwisho kiliposikika. Makadirio, kama lazima yawepo, yachorwe kwa mistari ya kukatika ili jicho lisiyachanganye na vipimo.

Mfano mwingine unaonyesha kwa nini jambo hili linanishughulisha. Tarehe 24 Februari 2022, majeshi ya Urusi yalipoliteka eneo la Chernobyl, vihisio vingi vya eneo hilo vilionyesha mionzi ikipanda ghafla, na mfumo ukaacha kutuma data. Mamlaka ya nyuklia ya Ukraine ilieleza kuwa magari mazito ya kijeshi yalikuwa yametibua udongo wenye mionzi ya ajali ya mwaka 1986. Maelezo hayo yalienea duniani. Baadaye watafiti walioipitia data hiyo waliyapinga: vumbi la magari halikutosha kueleza kupanda kwa kiasi kile. Baadhi yao wakataja uwezekano wa mawimbi ya redio kuvuruga mawasiliano ya vihisio, na wengine uwezekano wa data kuchezewa.

Maswali yao mengi angeweza kuyauliza mwananchi yeyote mwenye dashibodi iliyojengwa vizuri. Je, vituo vilipanda kwa kufuatana, kama vumbi linalosafiri kwa upepo, au vilipanda kwa wakati mmoja vikiwa mbalimbali? Upepo saa ile ulikuwa ukielekea wapi? Barabara walizopita askari ziko umbali gani na vituo vilivyopanda zaidi? Kipimo cha mwisho kabla ya kimya kilitumwa saa ngapi, na kituo jirani kilisema nini dakika ileile? Kuyajibu kunahitaji ramani, grafu ya wakati na orodha ya hali ya vituo viwekwe kwenye ukurasa mmoja na viungane, ili ukichagua saa moja kwenye grafu, ramani nayo ihamie kwenye saa hiyo. Wengi wetu usiku ule tulichopata ni picha moja ya nukta nyekundu, isiyo na saa wala upepo.

Itaendelea wiki ijayo: jinsi ya kulinganisha vifaa viwili visivyokubaliana.