Grisi Siyo Dawa ya Stata

Kivuko cha Kamanga jijini Mwanza kikikaribia gati, injini huwashwa karibu zote kwa pamoja. Pale hakuna mteremko wa kuachia gari, wala nafasi ya vijana kusukuma. Gari la mbele likigoma, wote walio nyuma wamekwama. Kabla ya Daraja la JPM la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 19, 2025, kila mwenye gari la zamani aliyekwenda Sengerema au Geita aliijua hofu hiyo. Daraja limewapunguzia adha, lakini anayekwenda Ukerewe kupitia Kisorya bado anavuka kwa pantoni.

Mjini watu wamezoea kuegesha kwenye kilima, na Mwanza vilima havikosekani. Hiyo ni kuahirisha tatizo. Stata nzee inatengenezeka, na mara nyingi kinachoiua ni grisi iliyopakwa kwa nia njema.

Chukua Land Rover za Series, zile zilizotengenezwa kati ya 1948 na 1985. Nyingi za petroli zina stata ya Lucas yenye bendiksi ya aina ya zamani. Mota inapozunguka ghafla, gia ndogo ya bendiksi hubaki nyuma kwa uzito wake, ikateleza kwenye shafti yenye mikato kama ya skrubu mpaka ikang'ata meno ya flaiwili. Injini ikishika, flaiwili huizidi kasi na kuirudisha nyuma. Kazi yote inategemea gia hiyo kuteleza bila kizuizi. Ukiipaka grisi, vumbi la klachi na la barabara za changarawe hunasa humo na kuwa uji mzito. Ndipo unaposikia stata inalia peke yake huku injini imetulia, na mwenye gari anaambiwa anunue stata nyingine.

Dawa yake ni mafuta ya taa na brashi. Osha mpaka chuma kionekane, kausha, jaribu kwa kidole kama gia inakwenda na kurudi. Ikiteleza, iache kavu; oili nyepesi, ukiona lazima, isizidi tone.

Panapohitaji mafuta kweli ni kwenye bushi. Zile za shaba nyeusi zina vitundu visivyoonekana kwa macho, na bushi mpya inatakiwa ilale kwenye oili nyepesi ya injini saa 24 kabla ya kupachikwa. Fundi mwenye haraka huruka hatua hii, na bushi ikiisha, shafti inayumba na kusaga mota ndani.

Kaboni za stata zikifupika kufikia milimita 8 hivi, badilisha. Pale zinaposugua, futa kwa kitambaa chenye petroli; pakiwa na mikwaruzo tumia msasa laini wa kioo. Msasa wa chuma huacha chembe zinazopitisha umeme.

Lakini kabla ya kushika spana, angalia waya wa ethi kati ya injini na chesisi. Stata inavuta mamia ya ampea, na unyevu wa ziwani huotesha kutu ya kijani kwenye ncha za shaba. Taa zikififia unapopiga stata, anzia hapo na kwenye betri. Ikigonga mara moja na kunyamaza, huenda bendiksi imenasa: zima swichi, weka gia ya nne, tikisa gari mbele na nyuma hadi iachie.

Na hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono isitoke garini. Stata ya umeme ya Charles Kettering iliwekwa kwenye Cadillac za mwaka 1912 wakati hendeli zikivunja watu mikono, na injini za petroli bado zinapiga teke vilevile. Weka gia huru, vuta breki ya mkono, dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, kisha vuta hendeli kwenda juu. Usiisukume kwenda chini.