Pikipiki Inayoshtuka: Anza na Mnyororo

Pikipiki ikishtuka kila unapovuta mafuta, vijiweni utapewa jibu moja: fungua kabureta. Hapo ndipo mafundi wengi hupotea njia. Kwa pikipiki za cc 100 hadi 150 zinazobeba abiria mitaani kwetu, mshtuko mara nyingi hutokana na ulegevu wa mnyororo, si mafuta. Na si usumbufu mdogo: kwenye kona yenye changarawe, dereva na abiria wake wanaweza kuanguka.

Ukiachia mafuta, gurudumu la nyuma ndilo linaloisukuma injini, na mnyororo hukaza upande wa chini. Ukivuta tena, mnyororo ni lazima ukaze upande wa juu. Kama umelegea, injini huzunguka bure kwa kitambo, ikapata kasi, kisha ikaudaka kwa kishindo, kama gari linalovutwa kwa kamba isiyokazwa. Raba zilizo ndani ya kitovu (hub) cha gurudumu la nyuma zimewekwa kumeza kishindo hicho. Zikiisha, chote kinakufikia wewe.

Chukua rula. Zima injini, weka nyutro, sukuma upande wa chini wa mnyororo, katikati yake, juu na chini, upime unavyosogea. Pikipiki nyingi ndogo hutaka ulegevu wa milimita 20 hadi 30, ingawa kitabu cha pikipiki yako ndicho cha kufuatwa. Zungusha gurudumu kidogo, upime tena mahali kadhaa, kwani mnyororo uliochakaa haulegei sawasawa. Huo usiukaze. Ubadilishe pamoja na sproketi zake.

Mnyororo ukiwa sawa, kagua waya wa mafuta: washa injini ingurume polepole, pinda usukani kushoto na kulia. Mlio ukipanda, waya wa mafuta umebanwa au umepitishwa vibaya.

Kabureta ije baada ya hapo, na hata hapo tazama kwanza raba inayoiunganisha na injini. Petroli huungua kikamilifu ikipata takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1. Ufa mwembamba kwenye raba hiyo huingiza hewa ambayo kabureta haikuipima. Athari huonekana zaidi mafuta yakivutwa kidogo tu, kwa kuwa wakati huo injini hufyonza kwa nguvu huku hewa inayopita njia halali ikiwa kidogo. Ndiyo maana pikipiki husumbua kwenye foleni, ikatulia barabara kuu.

Fundi akikuomba pesa ya kufungua kabureta, mwombe kwanza akupimie mnyororo huku ukitazama.