Matrekta Yaliyotoka Vitani: Yaliyovunja Rekodi na Yaliyovunjika

Kwa wingi, hakuna gari la jeshi lililoingia shambani kama jeep. Willys na Ford walitengeneza zaidi ya 640,000 wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1945 Willys wakatoa CJ-2A, jeep ya kiraia iliyoweza kuendesha pampu, misumeno na mashine nyingine za shambani. Udhaifu wake ni uzito. Ukiifunga koleo mbele na kulijaza mchanga, magurudumu ya nyuma hayashiki tena ardhi.

Lililokamilika kuliko yote, kwangu mimi, ni SEE, ambalo Freightliner walilijenga juu ya Unimog ya Mercedes-Benz kwa ajili ya jeshi la Marekani miaka ya 1980. Mbele lina koleo la kupakilia, nyuma lina mkono wa kuchimbia, na injini ni dizeli ya silinda 6, lita 5.7, nguvu za farasi 110. Barabarani linakimbia kama kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo hufuatana na msafara bila kubebwa juu ya lori, jambo ambalo kijiko cha kawaida hakiliwezi. Inama utazame chini yake: mwisho wa kila ekseli kuna gia, na ekseli yenyewe imekaa juu kuliko kitovu cha gurudumu. Kisiki ambacho kingekwamisha trekta lingine kinapita chini salama.

Sasa mengi yameuzwa mnadani, na wanunuzi wanayabadilisha. Wapo wanaofungua mkono wa nyuma na kuweka bodi la mizigo. Kazi nzuri, ila fundi akumbuke kwamba ule mkono ndio uliokuwa ukisawazisha koleo. Ukiutoa, rudisha uzito nyuma kabla ya kunyanyua hata mzigo mmoja.

Na shambani ndiko kwao Unimog hasa. Unimog za kwanza, za mwishoni mwa miaka ya 1940, zilipewa upana wa mita 1.27 kati ya magurudumu ili zipite juu ya mistari miwili ya viazi. Ukoo huo ndio pia uliopanda juu sana: Unimog U 5023 ilifika mita 6,694 kwenye mlima Ojos del Salado, Chile, mita 799 kupita kilele cha Kilimanjaro. Rekodi hiyo ilivunjwa na Porsche 911 mwaka 2023.

Kwa kasi, taji ni la JCB. Joseph Bamford alianza mwaka 1945 huko Uttoxeter, Uingereza, kwa kuchomelea tela kutokana na vyuma vilivyobaki vitani. Mwaka 2006 kampuni yake ilichukua injini mbili za jamii ya zile za vijiko vyake, ikazifunga kwenye gari la Dieselmax, likakimbia kilomita 563 kwa saa.

Hasara kubwa kuliko zote ilitupata sisi Watanzania. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa kulima karanga, wakilenga zaidi ya ekari milioni 3 kwa jumla. Walileta matingatinga yaliyoachwa na jeshi la Marekani Ufilipino, mengi yakiwa yamechakaa. Kampuni ya Vickers ikaunda Shervick, trekta lililotumia sehemu za kifaru cha Sherman. Matingatinga mawili yalifungwa mnyororo wa nanga ya meli katikati ili kung'oa vichaka. Mibuyu na mizizi vikayashinda, vipuri havikutosha, na udongo wa mfinyanzi ukikauka ulikuwa mgumu kiasi cha kuzuia hata kuvuna. Hapakuwa na kosa la mkulima wa Kigogo hapo. Ardhi ile aliijua, na ushauri wake ndio uliohitajika kabla ya chuma chochote. Mradi ulifutwa mwaka 1951, baada ya kumeza takribani pauni milioni 36.

Wewe unayetaka kununua trekta la jeshi mnadani, ulizia kwanza vipuri vyake vinapatikana wapi. Bei ije baadaye.